Tumbo Moja, Chupa Mbili

Wanangu wa maabara, siku ile ya kuniaga mlinivizia nikiwa na keki mdomoni mkanitaka niwaandikie mambo ya kazini. Nikatikisa kichwa kukubali kwa sababu mdomo ulikuwa na kazi nyingine. Sasa ni mwezi wa tatu niko nyumbani. Magoti yananidai zile ngazi za ghorofa ya pili, na nimegundua kwamba mume wangu huwa anabishana na redio. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa yote, pamoja na redio.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vyangu vilikuwa viwili na havikubadilisha kiti nilichokalia. Nitawaandikia kuhusu chupa, kwa sababu ninyi mmeirithi meza yangu na chupa zake, na kwa sababu kosa kubwa kuliko yote niliyofanya kazini lilipita kwenye dirisha ambalo nililitengeneza mwenyewe, nikalisifia mwenyewe.

Nilifika Kariakoo nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Lindi, ushungi umebanwa kwa pini sita. Aliyenipokea maabara alikuwa Mzee Tarimo, Mchaga wa Kilimanjaro, mzee wa kanisa la Kilutheri, mwembamba, koti jeupe likimpwaya. Alikuwa anapuliza vumbi kwenye lenzi kwa ile mipira midogo ya kuvutia kamasi za watoto wachanga. Hakugeuka.

"Binti, umetoka wapi?"

"Lindi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu ila Mungu."

"Vizuri sana. Basi pokea hii chupa, na mwenye chupa usimwogope."

Ilikuwa chupa ya manii. Mwenyewe alisimama mlangoni, mwanamume mzima mwenye duka la jumla la vitambaa. Aliponiona mimi na ushungi wangu alirudi nyuma hatua mbili akaugonga mlango kwa kisigino. Nadhani hatukujua nani amwonee haya mwenzake. Mzee Tarimo akasema, bado amenipa mgongo, "Mheshimiwa, huyu binti hatakuangalia wewe. Ataangalia watoto wako wasiozaliwa. Nenda kanywe chai."

Kuanzia siku hiyo nilifundishwa. Chupa inakaa mezani karibu nusu saa mpaka kimiminika kilainike. Tone moja linawekwa kwenye kioo chenye miraba, halafu unahesabu mraba kwa mraba, kidole kikibofya kihesabio. Wanaokwenda mbio unawaweka kundi lao, wanaojikokota kundi lao, waliolala kundi lao. Mzee Tarimo aliona nahesabu vizuri kuliko wenzangu akatangaza sababu: "Huyu vidole vyake vimezoea tasbihi. Ninyi vidole vyenu vimezoea karata." Lenzi tulizifuta kwa kitambaa cha pamba alichokichagua mwenyewe Mchikichini, shati la mtumba lililofuliwa mpaka likasahau rangi yake. Kila nikiona mnafuta lenzi kwa kona ya koti, moyo unaniuma. Najua hamniamini. Nendeni Mchikichini.

Miaka ikaenda, Mzee Tarimo akastaafu akarudi kwenye migomba yake, mimi nikabaki na meza. Wanaume wa Kariakoo walinifundisha mengine ambayo hayamo kwenye kitabu chochote. Mmoja alileta sampuli kwenye chupa ya asali, asali haijaisha vizuri. Mwingine alikuja na chupa imefukiwa kwenye barafu ndani ya ndoo ya muuza maji, anahema kwa fahari kwamba ameilinda na joto la Bongo. Nilimwambia, "Mwanangu, hao si samaki. Hao wanataka joto la mwili." Akauliza kama wanaweza kufufuka. Nikamwambia hilo lipo juu ya cheo changu.

Lakini wengi hawakufika hata na chupa isiyofaa. Walifika mpaka ngazi ya kwanza, wakawaona akina mama kwenye benchi la mapokezi, wakaulizia dawa ya mafua, wakaondoka. Nikawaza. Dini imenilea katika kusitiri watu, nami niliona hapa pana nafasi ya kusitiri. Upande wa nyuma wa maabara kulikuwa na dirisha dogo linalotazama korido ya stoo. Nikashona pazia la kijani, nikaweka rafu chini yake, na mifuko ya kaki yenye nambari. Mwanamume anachukua mfuko wenye nambari, anaweka chupa, anaupitisha chini ya pazia, anakwenda zake. Hakuna jina dirishani, hakuna uso, hakuna salamu. Jina ameshaandikisha mapokezi siku ya nyuma, kama mtu aliyekuja kupima malaria, akapewa mfuko wa nambari yake.

Mafundi wa mtaa wa Gerezani waliliita Dirisha la Haya. Wakaja. Walikuja wengi mpaka daktari wetu, Dokta Neema, akanisifia kwenye kikao cha wafanyakazi. Mimi nikajibu "Alhamdulillahi" kwa sauti ya unyenyekevu, na moyoni nikajipiga mgongo. Kumbukeni hapo.

Miaka minne kabla ya kustaafu, mfuko nambari kumi na saba ulipita chini ya pazia. Sampuli nzuri ya kupendeza. Wengi, wepesi, wanakimbia kama watu wanaowahi basi la mwendokasi. Nikahesabu, nikaandika, nikatia saini. Nambari kumi na saba iliandikishwa kwa jina la Bakari, fundi betri wa Gerezani, miaka sita kwenye ndoa, hana mtoto. Nikafurahi kwa ajili yake. Cheti kikatoka.

Haikupita miezi miwili, akaja mapokezi mwanamke mdogo amejitanda khanga, akaomba kuniona mimi. Alikuwa Mwajuma, mke wa Bakari. Alifungua pindo la khanga akatoa cheti kilichokunjwa mara nne.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Hicho cheti ni cha mumeo. Mimi siruhusiwi kukusomea majibu yake."

"Sitaki unisomee, Bi. Nimeshasomewa mpaka nimekikariri. Mama mkwe anakisoma kila mgeni akija. Kinasema mwanawe mzima. Basi mbovu ni mimi. Jumapili ya pili wazee wanakaa, nipewe talaka nirudishwe kwetu Rufiji. Mimi nimepimwa mara tatu, sijaambiwa nina kitu. Lakini nani atanisikiliza na hiki kipo?"

"Sasa mimi nikusaidie nini?"

Akaweka kidole kwenye kona ya juu. "Hii ndiyo tarehe aliyoleta?"

"Ndiyo."

"Siku hiyo Bakari alikuwa Kilwa. Tulikwenda kumzika shangazi yake, tukakaa siku tano. Mimi ndiye niliyekuwa napika msibani. Sasa Bi, chupa ilitembeaje?"

Nilikaa. Tangu msikitini, nikiwa mtoto wa kukaa kwenye mkeka, nilifundishwa kwamba shahidi husema alichokiona. Saini yangu ilikuwa ushahidi. Nilishuhudia kwamba chupa ile ni ya Bakari, na nilichoona ni pazia la kijani. Tena pazia langu.

Nilimwambia Mwajuma asubiri, asimwambie mtu. Sikuwa na haki ya kumwambia zaidi, na yeye hakuuliza zaidi. Alikunja cheti mara nne akakirudisha pindoni.

Siku iliyofuata nilikwenda Gerezani kwa miguu yangu, saa ya chakula. Karakana ya akina Bakari ilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vipuri. Walikuwa wanapasua betri kuukuu za magari, wanatoa zile sahani za ndani, wanayeyusha risasi kwenye sufuria nzito juu ya mkaa, wanamimina vichwa vya betri na vyuma vya kuzamishia nyavu. Hii risasi ninayosema si ya bunduki, ni ile metali laini ya kijivu, nzito kuliko inavyoonekana. Hatua tano kutoka kwenye sufuria hiyo, mafundi walikuwa wamezunguka sinia la ugali na dagaa. Katikati yao alikuwa Athumani, kaka yake Bakari, mwenye karakana, mwanamume wa kifua kipana na watoto wanne niliowapima minyoo wote. Bakari hakuwepo, alikuwa amepeleka mzigo.

"Bi Rukia! Shikamoo! Karibu tule."

"Marahaba. Ahsante, ugali wenye risasi meno yangu hayauwezi tena."

"Aa, Bi, sisi tunashushia na maziwa. Maziwa yanafuta sumu zote."

"Maziwa yangekuwa yanafuta sumu zote, ng'ombe asingekufa."

Wakacheka. Nikamwomba Athumani tusogee pembeni, kwenye kivuli cha ukuta. Alikuja anajifuta mkono kwenye suruali, na mimi nikautazama ule mkono na ile suruali.

"Athumani, kuna mfuko wa kaki ulipita dirishani kwangu. Nambari kumi na saba. Ulikuwa wa nani?"

"Wa Bakari."

"Bakari alikuwa Kilwa."

"Mh."

"Sikukusikia."

"Nimesema mh, Bi."

Nikamwacha atazame ndala zake mpaka zikaisha kutazamika.

"Nilimsaidia tu," akasema. "Dogo alikuwa anaona aibu. Nikimwambia nenda, anasema kesho. Mama anapiga simu kila siku, imekuwaje, imekuwaje. Kaenda Kilwa, mfuko kauacha juu ya kabati. Nikasema ah, si damu moja? Baba mmoja, mama mmoja. Tumenyonya ziwa moja, tumelala kitanda kimoja, tunakaa kwenye moto mmoja. Nikipima mimi, si nimempima na yeye?"

"Na ukienda kwa kinyozi wewe, nywele zake zinapungua?"

"Hapana."

"Ukila wewe, anashiba?"

"Bi, usinimalize."

"Na Bakari anajua?"

"Aliporudi nilimwambia. Na yeye akaona ni sawa. Tumbo moja, Bi! Alifurahi kweli, hajawahi kufurahi vile. Cheti akampelekea mama."

"Na mama anamrudisha Mwajuma Rufiji kwa cheti hicho. Kwa sifa zako wewe, siyo za mumewe."

Kucheka kulimtoka usoni. Alikuwa anajua kikao kipo, kwani yeye ndiye mtoto mkubwa na kiti chake kilishawekwa. Alichokuwa hajakiunganisha ni kwamba chupa yake ndiyo hakimu. Niaminini, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kaka. Tangu utoto alizoea kumbebea mdogo wake mizigo, na huu aliubeba bila kuuangalia.

Bakari alikuja Alhamisi ya kabla ya kikao, baada ya kutimiza siku zake za kujizuia na mkewe kama nilivyomwagiza kupitia kaka yake. Safari hii nilisimama upande wangu wa pazia nikamuuliza jina. Akalinong'ona. Nikapokea chupa mkononi mwake, ina joto la mwili. Nikasubiri, nikaweka tone, nikabofya. Ilikuwa kazi fupi. Walikuwa wachache, waliokwenda walijikokota, na wengi vichwa vyao vilipinda. Nilihesabu mara ya pili kwa matumaini, jambo ambalo Mzee Tarimo angenigombeza. Matumaini hayabadilishi mraba.

Dokta Neema alimwita chumbani kwake, nami nikaitwa kwa ruhusa ya Bakari. Alikuwa kijana mpole, kope ndefu, viganja vimeshika weusi usiotoka kwa sabuni. Dokta alimweleza kwamba risasi inayoingia kwa pumzi na kwa chakula inaweza kufika mpaka kwenye korodani, mahali mbegu zinapotengenezwa, ikavuruga kazi pale. Si yenyewe tu. Zebaki na kadimiamu nazo zina tabia hiyo.

Bakari akatikisa kichwa. "Basi si risasi, Dokta. Kaka yangu ndiye mkubwa wa moto. Yeye ndiye anachochea, mimi namimina. Na ana watoto wanne."

Na hapa, wanangu, ndipo nilipopata somo la vinasaba, nikiwa na miaka hamsini na sita, kutoka kwa daktari aliyeweza kuwa binti yangu.

"Umewahi kununua nguo Mchikichini?" Dokta akamuuliza.

"Ndiyo nguo zangu zote hizi."

"Belo la mitumba likifunguliwa, watu wawili wakachagua kwa kufumba macho, watatoka na mashati yanayofanana?"

"Wapi! Mmoja anaweza kupata shati, mwenzake sketi."

"Basi baba yenu na mama yenu ndio belo. Wewe umechota, Athumani amechota. Belo moja, nguo tofauti. Nguo hizo ndizo vinasaba. Sasa sikiliza. Risasi ikiingia mwilini hukutana na walinzi, protini zinazoikamata. Wafikirie kama mgambo wa jiji. Kuna mgambo akimshika machinga hamwachii. Na kuna mgambo ukimgeuza uso kidogo, machinga ameshapita na meza yake mpaka uani. Vinasaba ndivyo vinavyoamua umepewa mgambo wa namna gani. Inawezekana wa kaka yako wanaikamata risasi kwenye damu, haifiki uani, kule kwenye mbegu, kwa wingi. Wako wanaiachia."

Bakari akafikiri. "Kwa hiyo mimi nimepewa mgambo mvivu."

"Inawezekana, nimesema. Hapa sina kipimo cha kinasaba, na wataalamu wenyewe bado wanabishana ni vipi na kwa kiasi gani. Siwezi kukuapia. Ninachoweza kukuapia ni kwamba watoto wa kaka yako hawathibitishi chochote juu yako. Toka kwenye moto. Mbegu mpya huchukua miezi kama mitatu kukomaa, tutapima tena. Na wewe na kaka yako mtoe damu tujue mna risasi kiasi gani."

Damu ikachukuliwa ikapelekwa kwenye maabara kubwa, majibu ya wiki kadhaa. Kikao kilikuwa Jumapili hiyo hiyo.

Bakari alisimama na cheti chake kipya, kile cha kweli. Nilitaka kumwambia la kufanya nikajizuia. Majibu ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nisingeweza kwenda kwa wazee, nisingeweza kumwambia hata Mwajuma. Saini yangu ya uongo ilikuwa imetembea nyumba nzima kwa sauti kubwa, na ya kweli ilikuwa mfukoni mwa kijana aliyeshindwa hata kutamka jina lake kwa sauti mbele ya pazia. Nilichoweza kumwambia ni hiki: "Bakari, cheti cha kwanza nimekifuta kwenye daftari langu, nimeandika sababu na jina langu. Hilo lilikuwa langu. Lililobaki ni lako." Akaitikia "Ndiyo, Bi" bila kuniangalia.

Jumapili ile nilirefusha sijida. Mume wangu aliniuliza kama nimelala.

Jumatatu asubuhi alikuja Athumani, ana kashata kwenye gazeti. Niliona kashata nikajua hakuna msiba.

"Bi, nimeaibika," akasema, akakaa.

Akanisimulia. Mjomba wao alifungua kikao kwa kukisoma cheti kile cha zamani kwa sauti, kwa madaha, kama barua ya pongezi. Mwajuma alikuwa koridoni, begi lake limeshafungwa, miguuni. Mama yao akasema yake. Mjomba akamgeukia Bakari kwa desturi tu, aseme kama ana neno. Watu wakaanza kusogeza vikombe. Bakari akasimama.

"Cheti hicho si changu," akasema. "Changu ni hiki. Kinasema tatizo liko kwangu. Mke wangu hana kosa, na mimi simwachi."

"Bi, mjomba akakishusha cheti. Halafu mama akauliza, 'Basi hicho ni cha nani?'"

"Ukafanyaje?"

"Nikanyoosha mkono. Kama darasa la pili."

Nilijitahidi kutocheka, nikashindwa. Akasema mama yake alimtazama muda mrefu, akamwambia, "Wewe Athu, tangu mdogo unamjibia mwenzako maswali. Hata hili?" Mjomba alicheka mpaka akaletewa maji. Lakini mama hakucheka. Aliinuka, akatoka koridoni, akalichukua begi la Mwajuma kwa mkono wake mwenyewe, akalirudisha chumbani. Hakusema samahani. Kwa wanawake wa umri wetu hiyo ndiyo samahani, na Mwajuma aliijua, akainuka akaenda kumsaidia kulifungua.

Majibu ya damu yalipofika, Athumani alikuja amevaa fulana ya kubana, anatembea kama jogoo. Alitegemea kusifiwa mgambo wake. Dokta Neema akamsomea: risasi kwenye damu yake ilikuwa nyingi kuliko ya Bakari.

"Haiwezekani," akasema. "Mimi si ndiye mzima?"

"Mgambo wako wanakamata," Dokta akamwambia, "lakini hawana gereza la kuwapeleka. Machinga wamejaa mtaani. Ndiyo maana presha iko juu, na mikono nakuona inatetemeka tangu umekaa."

Athumani akaificha mikono mapajani. Nikamwambia anyooshe mkono kama kwenye kikao. Hakucheka. Dokta akauliza nguo za kazi anavulia wapi. Akasema nyumbani, na watoto humrukia mlangoni kabla hajavua. Basi tuliwapima na watoto, na wa mwisho, yule wa miaka mitatu, alikuwa na risasi kwenye damu. Siku hiyo nilimwona mwanamume wa kifua kipana analia kwenye kiti changu cha kuhesabia, nami nikamfungia mlango asionekane. Bado naamini katika kusitiri.

Karakana haikubadilika kwa siku moja. Kwanza sinia lilihamia mbali na sufuria. Kisha nguo za kazi zikalala kazini. Mwisho waliacha kabisa kuyeyusha, betri kuukuu wakawa wanaziuza nzima nzima, wenyewe wakageukia kutengeneza nyaya za umeme wa magari. Mtoto wa mwisho wa Athumani damu yake ikasafika polepole, Alhamdulillahi. Maziwa wanaendelea kunywa. Nimewaambia wanywe, ni matamu.

Kwa Bakari mambo yalikwenda kwa mwendo wa risasi, ambayo hujificha kwenye mifupa na kutoka kwa hiari yake. Miezi mitatu ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili, kidogo. Mwaka wa pili hesabu ilirudi nyuma tena nasi hatukujua kwa nini. Kila mara alikuja mwenyewe, kila mara alinong'ona jina, na Mwajuma alimsubiri chini kwenye duka la vitambaa akijifanya anachagua vitenge. Mwenye duka alishamjua, akawa anampa kiti.

Dirisha la Haya sikulivunja. Mnalo mpaka leo, na pazia lake la kijani nimeshalibadilisha mara mbili. Nilichoongeza mnakijua, mmenilalamikia sana kwamba nawachelewesha: mpokeaji anauliza jina, anaiona chupa ikitoka mkononi mwa mwenyewe, ndipo anaandika. Mlidhani ni ukali wa uzee. Sasa mnajua ni nini.

Siku yangu ya mwisho kazini, kabla ya keki yenu, nilikuwa nafuta lenzi kwa lile shati la mtumba nikasikia hatua kwenye korido ya stoo. Nikasogea dirishani nikasubiri kunong'onewa. Badala yake pazia likavutwa pembeni mpaka mwisho wa waya, mwanga wa korido ukaingia, na Bakari akawa amesimama pale, uso wote, na Mwajuma nyuma yake.

"Shikamoo, Bi Rukia. Bakari, fundi wa Gerezani," akasema kwa sauti ambayo hata mapokezi waliisikia, maana niliona vichwa viwili vikigeuka. Akatoa chupa mfuko wa ndani wa shati, hakuifunga kwenye kaki. "Nimesikia leo ndiyo mwisho wako. Nikasema ya mwisho uhesabu wewe."

Nikaipokea. Nikasubiri nusu saa yangu, wao wamekaa kwenye benchi la mapokezi pamoja na akina mama, bega kwa bega. Nikaweka tone, nikabofya mraba kwa mraba, bila matumaini, kama nilivyofundishwa. Nikarudia. Kidole kilichoka, na kuchoka huko kulikuwa kuzuri, kwa sababu miaka minne nyuma kazi hii ilikuwa fupi. Sasa walikuwepo wa kutosha, na wengi wao walikuwa na safari.

Nikatia saini. Nikampa Bakari cheti chake mkononi. Akakisoma, akampa Mwajuma, naye hakukisoma kwanza. Alitazama kona ya juu, akaiona tarehe ya leo, kisha akanitazama mimi.

"Bi Rukia," akasema, anajizuia kucheka, "safari hii ni yake?"

"Ni yake," nikamwambia. "Nimemwona kwa macho yangu."